Mwalimu, azimio lako la kustaafu li wapi?

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Nimeusikia msemo huu katika kila hafla ya kumuaga mwalimu anayestaafu niliyowahi kuhudhuria, na aghalabu hutolewa na mtu asiyejua iwapo anayeagwa ana kivuli chochote cha kukalia. Mgeni wa heshima huusema, watu hupiga makofi, keki hukatwa, mstaafu hukabidhiwa blanketi na saa ya ukutani, kisha kila mtu hurudi kwake. Jumatatu inayofuata kengele ya shule hulia kama ada. Aliyeagwa huisikia akiwa nyumbani, naye hajui aishughulishe vipi mikono yake.

Mwishoni mwa mwaka 2008 nilihudhuria hafla ya namna hiyo katika shule moja ya msingi kwenye milima ya Taita. Aliyekuwa akiagwa ni mwalimu aliyenifunza Kiswahili tangu darasa la sita hadi la nane. Ikiwa leo najua kutofautisha kirai na kishazi, chanzo cha ujuzi huo ni yeye. Alikuwa ametimiza miaka 55, ambao ndio uliokuwa umri wa kustaafu kwa watumishi wa umma wakati huo. Miezi michache baadaye, mnamo 2009, serikali iliupandisha umri huo hadi miaka 60. Mwalimu wangu alikuwa amekwisha kutoka. Lau angezaliwa mwaka mmoja tu baadaye, huenda angepata miaka mitano zaidi ya mshahara.

Tulipokuwa tukila pilau nilimwuliza, "Mwalimu, sasa mpango ni upi?" Alicheka, akanijibu, "Mwanangu, mpango ni pesa zitoke kwanza."

Kauli hiyo sijaisahau hadi leo. Huyu ni mtu ambaye katu hakuingia darasani bila andalio la somo. Azimio lake la kazi lilikuwa tayari kabla ya muhula kufunguliwa, limeandikwa kwa wino na kupigiwa mistari kwa rula. Alijua katika wiki ya saba ya muhula wa pili atafundisha nini, kwa shabaha gani na kwa nyenzo zipi. Lakini kuhusu miaka 20 au hata 30 ya maisha iliyokuwa ikimngoja mbele, azimio lake lilikuwa ni hilo tu: pesa zitoke kwanza.

Pesa zilichukua zaidi ya mwaka kutoka. Zilipotoka, alinunua matatu kuukuu na kuiweka katika barabara ya kutoka Mwatate kupanda Wundanyi. Anayeijua barabara hiyo anajua kona zake na mpando wake. Haina huruma na gari bovu. Mwalimu wangu aliyajua magari kama abiria tu. Mwaka wa kwanza gari lilimlisha dereva, likamlisha utingo, likamlisha fundi. Mwaka wa pili likaanza kumla yeye mwenyewe. Kufikia 2011 lilikuwa limeegeshwa nyuma ya nyumba yake juu ya mawe, na kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva.

Sikusudii kumcheka mwalimu wangu. Nasimulia kisa chake kwa sababu si chake peke yake. Kila tarafa nchini ina matatu ya namna hiyo, au duka lililofungwa, au kinu cha kusagia mahindi kilichonyamaza. Nalo swali ninalotaka kuliuliza leo ni hili: yawaje kwamba watu waliofunzwa kupanga kazi kuliko wafanyakazi wengine wote ndio wanaofika mwisho wa kazi bila mpango?

Mimi ni mwanaisimu, na mwanaisimu anapotatizwa na jambo huenda akayahoji maneno. Tuyahoji basi maneno manne tunayoyatumia kila siku.

La kwanza ni mshahara. Neno hili tumelitoa katika Kiarabu, na ndani yake mna neno shahr, yaani mwezi. Mshahara ni malipo ya mwezi. Hilo na si zaidi. La pili ni akiba. Hili nalo asili yake ni Kiarabu, nalo lahusiana na kinachofuata, na mwisho wa jambo. Anayeweka akiba, kwa asili ya neno lenyewe, anauwekea mwisho. La tatu ni kustaafu, ambalo kwa asili ni kuomba kuondolewa jukumu. Mzizi wake ni ule ule uliotupatia afu, yaani msamaha, na afya. La nne ni letu sisi wenyewe, nalo ni kiinua mgongo: kile apewacho mtu aliyeinama kazini muda mrefu ili sasa apate kusimama wima.

Sidai kwamba asili ya neno ndiyo huamua maana yake ya leo. Nikidai hivyo wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza watanisahihisha. Lakini maneno haya yananisaidia kueleza ugonjwa wetu. Tumeishi na mshahara hadi tumejifunza kuyahesabu maisha kwa mwezi. Tarehe ya malipo ndiyo kalenda yetu. Deni la dukani hungoja mwisho wa mwezi, karo hungoja mwisho wa mwezi, hata ugonjwa tungeomba ungoje mwisho wa mwezi. Kwa hesabu hiyo, kustaafu huwa ni mwezi mmoja wa mbali usio na jina. Mtu aliyezoea kuhesabu hadi 30 hawezi kwa ghafla kuhesabu miaka 20 siku anapokabidhiwa barua. Ndiyo maana nasema tatizo letu si ujinga wa kupanga bali ni kipimo tunachopimia.

Hebu tubadilishe kipimo kwa muda mfupi tufanye hesabu. Mwalimu aliye katika mpango wa zamani wa pensheni, ule unaolipwa na Hazina ya Serikali, hulipwa kwa kanuni inayojulikana: mshahara wa mwaka wa mwisho huzidishwa kwa idadi ya miezi aliyofanya kazi, kisha hugawanywa kwa 480. Tuchukulie kwamba mshahara wake wa msingi ni Sh50,000 kwa mwezi, naye amefundisha miaka 30, ambayo ni miezi 360. Mshahara wa mwaka ni Sh600,000. Pensheni yake ni Sh450,000 kwa mwaka. Akichagua kupewa robo ya pensheni hiyo kwa mkupuo, kama wengi wafanyavyo, robo hiyo, yaani Sh112,500, huzidishwa kwa 20. Anapata kiinua mgongo cha Sh2,250,000, na kila mwezi atalipwa Sh28,125.

Sasa ziangalie takwimu hizo kwa utulivu. Aliyekuwa akipokea mshahara wa msingi wa Sh50,000, pamoja na marupurupu ya nyumba ambayo hayaingizwi katika hesabu ya pensheni, ataishi kwa Sh28,125. Nacho kile kiinua mgongo kinachoonekana kuwa bahari ni sawa na mishahara 45 ya msingi. Miezi 45 ni pungufu ya miaka minne! Ilhali mtu anayestaafu akiwa na miaka 60 na kujaliwa kufika 80 ana miezi 240 mbele yake. Tunapokiita kiinua mgongo "mamilioni" tunatumia lugha ya mshahara, kwa maana tunakilinganisha na mwezi mmoja. Tukikilinganisha na miezi 240 tutakiona kilivyo: mgawo wa Sh9,375 kwa mwezi. Nani kati yetu angekwenda kununua matatu kwa Sh9,375?

Huo ni mpango wa zamani. Tangu tarehe 1 Januari 2021, walimu na watumishi wengine wa serikali waliokuwa chini ya umri wa miaka 45 waliingizwa katika mpango mpya ambao mfanyakazi mwenyewe huchangia. Mwaka wa kwanza mchango ulikuwa asilimia 2 ya mshahara wa msingi, mwaka wa pili asilimia 5, na tangu mwaka wa tatu ni asilimia 7.5, mwajiri naye huweka asilimia 15. Tofauti baina ya mipango hii miwili si ndogo. Katika ule wa zamani, mwalimu aliahidiwa kiasi fulani kulingana na miaka ya kazi. Katika huu mpya, atakachopata hutegemea kilichowekwa na faida kilichozaa. Kwa maneno mengine, mwalimu kijana wa leo ana akaunti yenye jina lake ambayo anapaswa kuifuatilia. Nimewauliza walimu vijana wengi kiasi kilichomo katika akaunti hiyo. Wengi hawajui. Wapo ambao hawakujua hata kwamba ipo. Walidhani makato yale ni kodi nyingine.

Kisha wapo walimu wenzetu wa shule za kibinafsi na wale walioajiriwa na bodi za shule. Hawa tegemeo lao ni Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni, yaani NSSF, iliyoanzishwa mwaka 1965. Kwa miaka mingi mfanyakazi alichangia Sh200 kwa mwezi na mwajiri Sh200. Mtu aliyechangiwa kiasi hicho kwa miaka 30 mfululizo aliwekewa Sh144,000, kabla ya faida. Sheria ya mwaka 2013 ilikusudia kuurekebisha upungufu huo lakini ikakwama mahakamani, na ni mwezi Februari 2023 ndipo ilipoanza kutekelezwa, kila upande ukachangia asilimia 6 hadi kiwango kilichowekwa. Wafanyakazi wengi walilalamika makato yalipopanda, na kwa hali ya maisha ilivyo siwezi kuwalaumu. Lakini tusisahau kwamba kati ya makato yote yaliyomo katika hati ya mshahara, haya ni miongoni mwa machache yatakayorudi mikononi mwa aliyekatwa.

Kwa wanafunzi wanaosoma makala haya na kujiambia kwamba mambo ya uzee hayawahusu, nina hesabu nyingine. Tuchukulie kwamba walimu wawili wanaweka Sh1,000 kila mwezi mahali panapozaa faida ya asilimia 8 kwa mwaka. Wa kwanza anaanza akiwa na miaka 25, wa pili akiwa na miaka 45. Wote wawili wanaacha wakifika 60. Wa kwanza ataweka jumla ya Sh420,000 na atakuta karibu Sh2.3 milioni. Wa pili ataweka Sh180,000 na atakuta kama Sh346,000. Aliyetangulia ameweka zaidi ya mara mbili ya mwenzake, lakini amevuna zaidi ya mara sita. Bei za vitu zitapanda, kweli, na shilingi ya siku hiyo haitakuwa ya leo; lakini zitawapandia wote wawili. Haba na haba hujaza kibaba, ila kwa sharti moja ambalo methali haikulitaja: uanze mapema.

Najua jibu litakalonijia, kwa maana nimelisikia katika chumba cha walimu na hata katika chumba changu mwenyewe. "Mwandishi huyu anaishi dunia gani? Mshahara wenyewe hautoshi, hiyo akiba itoke wapi?" Hoja hii ni nzito na haistahili kupuuzwa. Mwalimu wa leo hukatwa kodi ya mapato, hukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya, hukatwa asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Baada ya hapo huja mkopo wa chama cha akiba na mikopo, na baada ya mkopo huja jamaa. Mwalimu katika ukoo wa kijijini ni benki isiyo na mlango. Ndugu mdogo ana karo, shangazi yu hospitalini, na harambee ni Jumamosi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato kupita theluthi mbili za mshahara, na wengi wetu tumeifanya ile theluthi moja inayobaki kuwa ndiyo makao yetu ya kudumu.

Lakini tujiulize kwa unyofu. Mtu asiyeweza kuishi kwa theluthi ya mshahara akiwa kazini, ataishije kwa nusu yake akiwa amestaafu na angali analipa mkopo? Wapo wanaochukua mkopo mkubwa wakiwa na miaka 57, nao wanajua fika kwamba kiinua mgongo ndicho kitakachoulipa. Huko ni kukila kivuli kabla hakijatua. Sisemi mwalimu asikope. Aliyekopa akanunua kipande cha shamba au akajenga nyumba ya kuhamia amejiwekea akiba kwa njia nyingine. Nasema mkopo wa mwisho uishe kabla ya mshahara wa mwisho. Hata asiye na shilingi moja ya ziada anaweza kulipanga hilo.

Kuna jambo jingine lisilogharimu fedha nyingi, nalo ni karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wastaafu wengi husumbuliwa na majina kuliko wanavyosumbuliwa na uhaba wa fedha. Barua ya kuajiriwa inasema jina hili, kitambulisho kinasema lile, akaunti ya benki imeandikwa la tatu. Jina la ubatizo limetangulia huku, limeachwa kule. Barua ya kuthibitishwa kazini ilipotea wakati wa uhamisho wa pili. Mwalimu wangu wa Taita aliingoja pensheni yake zaidi ya mwaka kwa sababu ya herufi moja tu katika jina la baba yake. Mtu aliyesahihisha tahajia za maelfu ya watoto alicheleweshwa na tahajia ya jina lake mwenyewe! Alisafiri Nairobi mara nne kwa basi la usiku, na kila mara ofisi aliyoiendea ilimtaka alete karatasi ambayo haikumtajia safari iliyotangulia. Ofisi ile ilikuwa na kosa lake. Lakini ile herufi ilikuwa katika faili kwa miaka 30, na siku yoyote kati ya miaka hiyo ingeweza kurekebishwa kwa barua moja.

Nami nisijifanye malaika. Nilifundisha chuoni miaka 11 kabla ya kuomba taarifa ya mchango wangu wa pensheni kwa mara ya kwanza. Niliiomba kwa sababu mwenzangu mmoja alifariki dunia, na mjane wake alipokwenda kudai haki yake akaambiwa kwamba michango ya miezi mingi haikuwa imefikishwa katika mfuko. Nilipoipata taarifa yangu niligundua hali ni hiyo hiyo: katika hati ya mshahara nilikatwa kila mwezi, katika mfuko hapakuwa na kitu kwa zaidi ya mwaka mzima. Sitakitaja chuo chenyewe, na hakuna haja, kwa kuwa ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia malalamiko ya aina hii kuhusu vyuo vikuu vya umma zaidi ya kimoja. Ninachojilaumia ni ile miaka 11. Kila mwezi niliangalia mstari wa mwisho wa hati ya mshahara, ule wa kiasi kilichobaki, na mistari ya juu nikairuka kama msomaji mvivu anayeruka utangulizi.

Hapa ndipo ninapotaka kutofautiana na wahubiri wa akiba wanaomtwika mfanyakazi lawama yote. Pensheni si hisani. Si zawadi ya kwaheri, wala si blanketi la hafla ya kuaga. Ni sehemu ya ujira ambayo imecheleweshwa kwa makubaliano, na anayeichelewesha kupita makubaliano anakalia jasho la mtu. Walimu tuna historia chungu katika jambo hili. Baada ya mgomo wa mwaka 1997 serikali ilikubali kuwaongeza walimu mishahara kwa awamu tano. Awamu ya kwanza ililipwa, zilizofuata zikasitishwa, na mgomo mwingine ukazuka mwaka 1998. Maelfu ya walimu waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walijikuta pensheni zao hazikupigiwa hesabu kwa nyongeza waliyoahidiwa. Wakaenda mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu mjini Nakuru ikawapa haki. Hata baada ya hukumu hiyo waliendelea kuzunguka kwa miaka mingi, wazee wenye mikongojo na bahasha za kaki, na wengi waliaga dunia wakiwa wangali wakidai. Haitoshi kumwambia mwalimu apange. Aliyempangia naye atimize.

Hata hivyo somo ninalolipata katika kisa cha wazee wale ni la pande mbili. Walishinda kesi kwa kuwa walikuwa wengi, walishikamana, na walikuwa na ushahidi wa karatasi. Asiyejua haki yake hana la kudai, na asiye na karatasi hana la kuonyesha. Kupanga kustaafu na kudai haki ya mstaafu ni kazi moja.

Basi azimio la kazi tunalolihitaji lina sura gani? Sitaki kulirefusha, kwa maana kila mwalimu analijua umbo lake. Muhula wa kwanza ni miaka kumi ya mwanzo: kuhakikisha majina yanalingana katika hati zote, kuyaelewa makato, kuandikisha warithi, na kuweka chochote, hata kama ni kidogo cha kuaibisha. Anayebadilisha kazi katika muhula huu asikimbilie kuzitoa na kuzila zile fedha ambazo sheria inamruhusu kuzichukua. Azihamishie mpango mwingine. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Muhula wa pili ni miaka ya katikati, ambapo watoto wanasoma na mzigo ni mzito. Hapo lengo liwe paa: mahali pa kuishi pasipo kodi. Muhula wa tatu ni miaka kumi ya mwisho, na huu ndio tunaoupuuza kabisa. Ndio wakati wa kumaliza mikopo, na ndio wakati wa kufanya majaribio. Anayetaka kufuga kuku afuge 20 sasa, angali ana mshahara wa kumfidia akipata hasara. Anayetaka biashara ya matatu akae kwanza mwaka mmoja karibu na mwenye matatu, alijue bei ya tairi na tabia ya dereva. Kiinua mgongo si nyenzo ya kujifunzia kazi mpya. Ni nyenzo ya kuendeleza kazi ambayo mtu amekwisha kuifahamu.

Tena tusiisahau ile afya ambayo ni ndugu wa kustaafu kwa mzizi. Bima ya matibabu inayolipiwa na mwajiri aghalabu hukoma pamoja na ajira, yaani hukoma wakati ambapo shinikizo la damu na maumivu ya magoti ndiyo yanaanza kazi. Mwezi Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, na mstaafu asiye na mshahara hutakiwa kujisajili na kujilipia mwenyewe. Gharama hii iwemo katika azimio, isije ikamkuta mtu kitandani.

Nina pendekezo moja kwa wenye mamlaka ya elimu. Mwanafunzi wa ualimu hufundishwa saikolojia ya mtoto, historia ya elimu na mbinu za kufundisha. Tunamfundisha kuandaa azimio la kazi hadi analiota usiku. Katika miaka yote hiyo hapati hata mihadhara miwili kuhusu mkataba wake wa ajira, makato yake na pensheni yake. Badala yake tunangoja hadi amebakiza mwaka mmoja, ndipo tunamwita kwenye semina ya wanaokaribia kustaafu. Semina hiyo ni nzuri, lakini ni kumfundisha mtu kuogelea akiwa amekwisha kuzama. Mihadhara hiyo itolewe chuoni, na irudiwe wiki ile mwalimu mpya anapopokea mshahara wake wa kwanza. Haitagharimu zaidi ya keki za hafla za kuaga.

Mwalimu wangu yu hai, namshukuru Mungu. Aliuza matatu ile kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, akarudi katika kitu alichokuwa akikijua tangu utotoni: shamba lake la mteremkoni, ambalo hupata maji mwaka mzima. Analima kabeji na pilipili hoho, na mboga zake hushuka Mombasa. Pensheni yake ni ndogo lakini huja, na herufi ya jina la baba yake sasa iko sawa. Nilimtembelea Desemba iliyopita. Alinitoa ndani akanionyesha daftari la mistari lenye safu zilizochorwa kwa rula: juma, shughuli, shabaha, nyenzo, maoni. Ni azimio la kazi la shamba. Nikamwuliza mbona hakuanza kuliandika akiwa na miaka 40. Akaniangalia kwa macho yale yale aliyokuwa akinitazamia nilipokosea upatanisho wa kisarufi, akasema, "Nilidhani azimio ni la wanafunzi."

Msomaji mpendwa, wewe una miaka mingapi?